Mhadhiri na mzee, nani yuko sahihi kuhusu utandawazi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Chuoni mhadhiri anatuambia utandawazi umetoa mamilioni ya watu kwenye umaskini, nikirudi nyumbani mzee anasema huohuo utandawazi ndo umewamaliza wakulima wadogo. Kila mmoja ana ushahidi wake na mimi nina mtihani, nimwamini nani? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Waamini wote, ila ueleze kila mmoja anamsemea maskini yupi, hapo ndo wengi wanachemka.

Hayo mamilioni ya mhadhiri, sehemu kubwa ni Wachina. Benki ya Dunia inahesabu karibu watu milioni 800 wa China waliotoka kwenye umaskini uliokithiri ndani ya miaka 40, sio mchezo. Lakini angalia walivyofungua milango kwa biashara ya nje: walianza 1978, wakajaribu kwanza maeneo machache kama Shenzhen mwaka 1980, Shirika la Biashara Duniani wakaingia 2001 viwanda vimeshapata nguvu, na muda wote huo serikali yao ndo ilikuwa inaamua kipi kiingie na kipi kisubiri.

Sasa mzee naye mpe mfano wa Haiti. Mwaka 1995 nchi ile, ikiwa imebanwa na Marekani na wakopeshaji wa nje, ilishusha ushuru wa mchele unaoingia mpaka asilimia 3. Mchele wa Marekani, ambao wakulima wake wanapewa ruzuku na serikali yao, ukamwagika sokoni kwa bei ambayo mkulima wa Haiti asiye na ruzuku wala mkopo asingeiweza hata kidogo. Mwanzoni wa mjini walipata nafuu, na hao pia ni maskini tusiwasahau, ila wakulima wengi wakaacha mashamba wakaenda mjini kutafuta vibarua, halafu bei ya dunia ilipopaa 2008 nchi tayari inategemea mchele wa melini, watu wakaingia barabarani mpaka waziri mkuu akang'olewa. 2010 Bill Clinton, ambaye ndo alikuwa rais wa Marekani ushuru uliposhushwa 1995, alikiri mbele ya maseneta kwamba ile sera ilikuwa kosa, labda iliwafaa baadhi ya wakulima wa jimboni kwake Arkansas. Kashakiri, haya, shamba limeshakufa.

Kwa hiyo mimi siulizi kama nchi ifungue au isifungue, nauliza nani anaamua kasi na yule anayeumia anapewa muda gani wa kujipanga. Nchi yenye madeni kasi yake mara nyingi inapangwa na anayeidai.

Kuna kundi la tatu ambalo mhadhiri na mzee wote wanalisahau, wanaopata na kuumia kwa mpigo. Viwanda vya nguo Bangladesh vimewapa mamilioni ya wanawake kipato chao wenyewe, na humohumo April 2013 jengo la Rana Plaza likaporomoka likaua watu zaidi ya 1,100, wakati nyufa zilionekana jana yake na wafanyakazi wakaambiwa waingie tu. Baada ya hapo ndo kampuni kubwa za nje zikasaini mkataba wa ukaguzi wa majengo, tena kwa kusukumwa na vyama vya wafanyakazi. Huko Ulaya kuna waliotaka nguo za Bangladesh zisusiwe, viongozi wa wafanyakazi kulekule Dhaka wakakataa, walichotaka ni mshahara uongezwe na majengo yakaguliwe, sio viwanda vihame.