Je, mwenye boti ya starehe Marekani anahitaji kitambulisho cha serikali?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tunaishi Maryland. Mimi ni raia wa Marekani kwa tajnisi, mzaliwa wa 1979. Yeye ni mzaliwa wa 1970 na bado anatumia grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Tumenunua boti ya futi 22 yenye injini ya nje, kwa ajili ya kutembea na kuvua kwenye Ghuba ya Chesapeake. Jirani yetu wa gatini anashikilia kwamba tangu Septemba 11 hakuna ruhusa ya kuendesha boti bila kitambulisho cha serikali ya shirikisho, na kwamba leseni yangu ya udereva haifai kitu kama si REAL ID, yaani ile inayotimiza viwango vya serikali ya shirikisho. Je, ni kweli? Walinzi wa Pwani wakitusimamisha wanaweza kudai nini? Na tukiivuta boti kwa gari hadi Florida, kisha tukavuka kwenda Bimini, kule Bahamas, mambo yanabadilika?

Jibu: Dada, jirani yenu ameokota vipande vya sheria tatu tofauti akavisuka kuwa moja. Marekani haina leseni ya shirikisho ya kuendesha boti ya starehe, wala raia hana kitambulisho cha taifa anacholazimika kutembea nacho. Kwenye maji ya ndani, karatasi zinazodaiwa kwanza ni za chombo, za mtu hufuata baadaye. Hali hugeuka mkigusa nchi nyingine. Kwa mume wako hugeuka mapema zaidi, hata kabla ya kufungua kamba gatini, na nitalifikia hilo.

REAL ID kwanza, maana ndiyo inayowatia watu hofu. Sheria yake ni ya 2005, na viwanja vya ndege vilianza kuitekeleza tarehe 7 Mei 2025. Inahusu kupanda ndege za abiria, kuingia baadhi ya majengo ya serikali ya shirikisho na kuingia mitambo ya nyuklia. Boti haimo. (Mtambo wa nyuklia mnao jirani, Calvert Cliffs, ukingoni mwa ghuba hiyohiyo. Maji yaliyo mbele yake ni eneo la ulinzi, na hakuna kadi ya mfukoni itakayowaruhusu kuingia humo na ndoano zenu. Angalieni mipaka yake kwenye ramani ya baharini.) Tena, REAL ID haithibitishi uraia. Mume wako anaweza kuwa nayo sawa na wewe, kwa kuwa mkaazi halali naye huipata.

Habari ya Septemba 11 ina chanzo chake. Oktoba 2000, boti ndogo yenye vilipuzi iliisogelea manowari USS Cole bandarini Aden ikaua mabaharia 17. Baada ya mashambulizi ya 2001, maofisa wa usalama walianza kuitazama kila boti ndogo kwa jicho jingine. Sheria ya usalama wa usafiri majini ya 2002 ndiyo iliyozaa kadi ya TWIC, yenye picha na taarifa za alama za vidole, kwa watu wanaoingia bila kusindikizwa kwenye sehemu zenye ulinzi za bandari na meli. Wewe unayevua samaki wa kitoweo haikuhusu. Baadaye, Aprili 2008, Wizara ya Usalama wa Ndani ilitoa mkakati wake kuhusu vyombo vidogo, na miaka hiyo wazo la kumtaka kila mwendesha boti abebe kitambulisho lilijadiliwa waziwazi huku wenye boti wakipiga kelele. Nadhani jirani yenu aliyasikia mabishano yale, asisikie yalikoishia: leseni ya shirikisho haikuja. Sheria ya zama zile inayoweza kuwagusa kweli ni ya manowari. Ukiwa ndani ya yadi 500 punguza mwendo hadi ule wa chini kabisa unaokuwezesha kuongoza chombo, na usisogee ndani ya yadi 100 bila ruhusa. Mkishuka kusini hadi Norfolk mtazikuta nyingi.

Kadi mnayohitaji ni ya jimbo, nayo ni cheti cha mafunzo ya usalama majini. Maryland inamtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Julai 1972 au baada ya hapo awe nacho anapoendesha boti iliyosajiliwa. Kwa hiyo wewe kinakuhusu, mume wako amesalimika kwa miaka miwili. Florida imeweka mstari wake kwenye 1 Januari 1988, kwa injini ya nguvu za farasi 10 na kuendelea, na anayeguswa na sheria hiyo lazima awe na kadi pamoja na kitambulisho chenye picha. California ilianza na vijana 2018, ikapanda umri mwaka hadi mwaka, na tangu 1 Januari 2025 inadai kadi kwa watu wa umri wote wanaoendesha boti za injini. Virginia, mlioachana nayo kwa upana wa mto Potomac tu, haitazami umri kwa injini ya nguvu za farasi 10 na zaidi, ingawa wageni wa muda mfupi wanaotimiza masharti ya jimbo lao wana nafuu. Ushauri wangu ni mume wako naye asome kozi hata kama halazimiki. Kozi iliyoidhinishwa na NASBLA, chama cha wasimamizi wa sheria za boti wa majimbo, hutambuliwa karibu kila mnakokwenda, na ni rahisi kuliko kumweleza ofisa wa jimbo jingine tarehe ya kuzaliwa ya mtu na kifungu cha msamaha. Kadi hiyo inathibitisha kwamba umefunzwa. Haichukui nafasi ya kitambulisho cha mtu.

Chombo chenyewe, kwa upande mwingine, hakina msamaha. Boti ya injini inatakiwa kuwa na namba ya jimbo inakotumika zaidi, na cheti cha usajili kiwe ndani ya boti kila mnapoitumia, si nyumbani kwenye droo. Namba zibandikwe pande zote mbili za omo, herufi nene zisizopungua inchi 3, rangi inayotofautiana na ya boti, zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia, na kati ya herufi na tarakimu kuwe na nafasi au kistari. Jambo hili ni dogo, lakini linaweza kuwaletea faini. Angalieni pia namba ya bodi, yenye tarakimu na herufi 12, iliyo upande wa kulia wa tezi; vyombo vya tangu Novemba 1972 vinayo. Ilinganisheni na ile iliyoandikwa kwenye cheti leo hiihii, maana kosa la herufi moja lililofanywa na karani linaweza kuwafanya mshukiwe wizi.

Kuna watakaowashauri mwisajili shirikisho badala ya jimbo, wakidai inapendeza zaidi ng'ambo. Boti lazima ifikie tani 5 halisi, kipimo cha ujazo na si cha uzito, na futi 22 kwa kawaida haifiki. Lakini hata ingefika, usajili huo ni wa raia peke yao: mume wako akiwa mmiliki mwenza, boti haistahili. Usajili wa jimbo hauna sharti hilo la uraia.

Sasa kusimamishwa. Nchi kavu, polisi anahitaji sababu kabla ya kuingia kwako. Majini mambo ni mengine. Walinzi wa Pwani wanaweza kupanda boti yenu bila hati ya mahakama na bila kuwashuku kwa lolote, uwezo ambao mizizi yake ni sheria ya Bunge la kwanza la Marekani ya 1790. Mwaka 1983 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mashua ya matanga iliyopandwa na maofisa wa forodha kwenye mfereji wa meli Louisiana, ikakubali kwamba kukagua karatasi za chombo bila kumshuku mtu kwa lolote hakuvunji Katiba. Sababu mojawapo ni kwamba baharini huwezi kuweka kizuizi cha barabarani. Kwa hiyo wakiwapungia, punguzeni mwendo, geuzeni injini kuwa huru, mikono ionekane, na semeni mapema kama mna silaha. Kukataa kusimama kwa makusudi ni kosa la shirikisho linaloweza kufikisha mtu jela miaka 5.

Wataomba cheti cha usajili, majaketi ya kuokolea, mtungi wa kuzimia moto, ishara za dharura, na kitambulisho cha nahodha. Hicho cha mwisho ndicho ulichouliza. Hakuna sheria ya shirikisho inayomwadhibu raia kwa kutokuwa na kitambulisho chenye picha akiwa anavua kwenye maji ya ndani, ila jimbo linaweza kuwa na yake, kama Florida. Kutaja jina ni jambo jingine: mwaka 2004 Mahakama Kuu ilikubali kwamba jimbo linaweza kumlazimisha anayeshukiwa kwa sababu za msingi aseme jina lake. Kusema uongo kwa ofisa wa shirikisho ni kosa zito la jinai. Bebeni leseni ya udereva kwenye mfuko usiopitisha maji. Sheria haiwalazimishi hapo, lakini ukaguzi wenye kitambulisho huisha haraka, na usio nacho hukalisha watu juani wakingoja redio ijibu. Mwisho mtapewa nakala ya ripoti ya ukaguzi. Itunzeni, ofisa wa pili huenda akaridhika nayo.

Wewe dada, cheti chako cha tajnisi kisitoke nyumbani. Kukipata upya ni safari ndefu, na maji ya chumvi hayajui thamani yake. Ukitaka uthibitisho wa uraia wa kubeba botini, omba kadi ya pasipoti. Ni ya plastiki, inaingia kwenye pochi, inathibitisha uraia, na mtu mzima mwenye pasipoti ya kitabu huilipia dola 30. Jirani akikuuliza, inakubalika pia mahali pa REAL ID.

Mume wako sheria yake ni tofauti, na hapa sitalegeza. Asiye raia aliyetimiza miaka 18 anatakiwa kuwa na kadi yake ya ukaazi mwilini wakati wote, nchi kavu na majini. Nakala kwenye simu haitoshi. Kutoibeba ni kosa linaloweza kuleta faini au kifungo cha hadi siku 30, na maofisa wa uhamiaji wana mamlaka ya kupanda vyombo kwenye maji ya Marekani kutafuta wasio raia. Kwa hiyo grinikadi iende kila safari, hata ya kuvua saa mbili mbele ya gati. Aangalie na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Tuje Bimini. Namba ya Maryland inatambuliwa mkifika Florida, kwa kuwa sheria ya shirikisho hulinda namba ya jimbo lenu kwa siku 60. Mkivuka, mnaingia nchi ya watu. Bebeni pasipoti za vitabu wote wawili. Ya mume wako ni ya nchi yake, na grinikadi haimfanyi Mmarekani mbele ya maofisa wa Bahamas, hivyo aulize masharti yanayohusu pasipoti hiyo kabla hamjanunua mafuta.

Kurudi ndiko kunakowaponza wengi. Tangu 1 Juni 2009, raia anayerudi kwa bahari kutoka Karibi anaonyesha pasipoti, kadi ya pasipoti au hati nyingine inayokubalika. Watoto wa chini ya miaka 16 wanaruhusiwa cheti cha kuzaliwa. Mkaazi wa kudumu huonyesha grinikadi. Nahodha anapaswa kuripoti kwa Forodha na Ulinzi wa Mipaka mara tu mnapofika, aghalabu kwa programu ya simu ya CBP ROAM, na wanaweza kuwaita ana kwa ana. Kabla ya ruhusa asishuke mtu, isipokuwa anayekwenda kuripoti, wala mzigo usitolewe. "Tulikwenda kula mchana tu" si utetezi: faini ya kosa la kwanza inafika dola 5,000, la pili dola 10,000. Stika ya ada ya mwaka ya forodha ni ya boti za futi 30 na kuendelea, hivyo hapo mmepona. Kama mtatoka tu baharini kuvua na kurudi, bila kutia nanga nchi nyingine wala kukutana na chombo cha kigeni kupokeana vitu, hamna la kuripoti. Mkiwa na rafiki mgeni aliyeingia Marekani bila viza kwa ule mpango wa msamaha, asivuke nanyi kabla ya kuwauliza Forodha. Kwa kawaida msamaha huo haumfai anayewasili kwa boti binafsi.

Futi 22 kuvuka mkondo wa Gulf Stream upepo ukitoka kaskazini ni suala la kumuuliza nahodha wa huko, si mimi wa karatasi. Ila kabla ya siku hiyo, kagueni redio ya VHF. Ndani ya nchi haihitaji leseni. Mkienda bandari ya kigeni mnahitaji leseni ya kituo kutoka FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, na kibali cha mtumiaji, na leseni hiyo huja na MMSI, namba ya kuitambulisha redio ya boti, inayotambuliwa kimataifa. Ile ambayo watu hupewa na BoatUS, chama cha wenye boti, ni ya matumizi ya ndani peke yake. Kama aliyewauzia boti ameshaingiza MMSI yake kwenye redio, iondoeni kwanza, la sivyo mkibonyeza kitufe cha dharura waokoaji watampigia simu yeye.