Kakakuona ni ndugu wa nani hasa?

Ndugu wa Mbagala, umeuliza kama kakakuona ni mjusi au ndugu wa mhanga, kwa kuwa wote wanafukua mchwa. Si huyu wala yule. Ni mnyama anayenyonyesha, na magamba yake ni keratini, kama kucha zako. Mhanga yuko ukoo mmoja na tembo. Vipimo vya DNA vinamweka kakakuona jirani na wanyama wala nyama: paka, mbwa, fisi. Ndiyo, hata paka wa Kariakoo!

Zamani walimchanganya na walamchwa wa Amerika Kusini kwa kukosa meno na kuwa na ulimi mrefu. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, navyo vilipoteza watu. Messel, Ujerumani, kuna kisukuku cha Eomanis, kakakuona wa kale wa miaka kama milioni 47, mwenye magamba tayari. Hapohapo akapatikana Eurotamandua, aliyetangazwa mwaka 1981 kuwa mlamchwa. Baadaye wengi wakamhamishia upande wa kakakuona, ingawa hana magamba. Patriomanis, kakakuona mwingine wa kale, yeye aliishi Marekani, ambako leo hakuna kakakuona wa porini hata mmoja.

Mambo ya kumwekea kakakuona maji na mahindi ili atabiri mwaka utakavyokuwa, hayo waulize wazee.