Bagamoyo nenda peke yako

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwaka juzi ulitutangazia kwa mbwembwe zote kwamba unakwenda tamasha la sanaa la Bagamoyo, wikiendi nzima, utatuletea kila kitu. Mpaka leo kimya. Kulikoni? Mwaka huu nataka kwenda na wenzangu wanne, tupe mwongozo."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kimya kile kilikuwa na sababu yake. Ila mwaka jana nilirudi tena na moyo umeshatulia, kwa hiyo leo naweza kusema bila kutukana mtu.

Mwongozo wenyewe ni huu: wenzako wanne waache nyumbani.

Mwaka juzi na sisi tulikuwa wanne. Gari moja, na kundi la WhatsApp lililofunguliwa miezi miwili kabla, likajaa picha za nguo kuliko habari za muziki (hapo ningeshtuka, sikushtuka). Tukachanga elfu sabini sabini za mafuta na malazi. Mweka hazina mimi, maana kila mahali mwenye daftari ni mimi. Ratiba niliichapisha ofisini kwa siri, nikapigia mistari kwa kalamu nyekundu: Ijumaa ufunguzi, Jumamosi mchana ngoma za asili, Jumamosi usiku taarabu, Jumapili kufunga. Na kwa ajili ya taarabu nilikwenda benki kuchenji noti za elfu mbili mbili, mpya, ishirini na tano, nikazifunga kwenye leso. Mnaojua mnajua. Mwimbaji wa taarabu hutuzwa noti akiimba, hukai mbele yake mikono mitupu.

Ijumaa tulikuwa tuondoke saa nane mchana. Saa kumi na mbili jioni tupo bado Sinza, mwenzetu mmoja yuko kwa msusi, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70, haizidi sana, lakini ukiingia na foleni ya Tegeta jioni ya Ijumaa utahesabu nguzo za umeme. Tulifika saa nne usiku. Ngoma ya mwisho ya ufunguzi niliisikia tukitafuta pa kuegesha. Wakaniambia, "Si kesho ipo?"

Jumamosi niliamka alfajiri peke yangu. Wao wamelala. Nikashuka mpaka soko la samaki, nikala pweza na mchuzi wake, nikarudi taratibu kwa Mtaa wa India hadi Chuo cha Sanaa, tamasha linakofanyikia. Jina rasmi ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) tangu 2007, lakini waambie bodaboda "Chuo cha Sanaa" uone utakavyofika haraka; chuo kipo tangu 1981 na jina la zamani halijatoka mdomoni mwa watu.

Nyuma ya jukwaa nikakuta moto. Wameuwasha kwa makuti, na ngoma zimepangwa kuuzunguka, nyuso zote zimeelekea kwenye ndimi. Kijana mmoja anaigeuza ngoma kidogo kidogo kama mchoma mahindi, anaigonga kwa kidole, anainamisha sikio, anatingisha kichwa, anairudisha. Nikamuuliza kwa nini. "Imelala na upepo wa bahari, dada. Ngozi ikinywa unyevu inalegea, inalia kama mtu mwenye mafua." Nilisimama pale pengine nusu saa. Sauti ilikuwa inapanda, kutoka bu kwenda ta, na kila ikipanda yule kijana anatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Kisha wakapanda Wagogo. Kina mama wamejifunga kaniki viunoni, muheme, ngoma yao, umebanwa katikati ya mapaja, mikono inashuka kwa zamu mpaka huoni tena mkono upi wa nani. Mimi nimekulia kwenye spika za harusi. Nilikuwa najua ngoma ni kitu cha kusikia. Sikujua kwamba inaingilia miguuni.

Waliposhuka nikamfuata mzee aliyekuwa na ilimba, ile ala ya ubao na vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu. Akanionyesha tundu dogo kwenye ubao, limefunikwa na kitu kama karatasi ya sigara. Utando wa buibui. Akabonyeza chuma kimoja, ukatoka ule mvumo wa nyuki nyuma ya sauti. Halafu akaziba tundu kwa kidole gumba na kubonyeza tena. "Umesikia? Bila huyu mdudu, hili ni kopo tu." Bagamoyo ndiko alikoishi marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze hadi kwenye lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, akafariki 2003, na ukoo wake bado unapiga. Nilikuwa nimeyasoma haya yote. Kidole gumba cha yule babu kilinifundisha zaidi.

Saa kumi na moja simu ikaanza. Uko wapi? Njoo ufukweni tule mara moja, saa mbili wote tupo ukumbini. Nikaenda. Kwa nini nilienda? Kwa sababu ya aibu. Niliogopa kuambiwa najifanya. Samaki aliagizwa saa kumi na mbili akaja saa tatu kasoro, akiwa mbichi mgongoni, akarudishwa jikoni. Hoteli siitaji. Kila nikisimama, "Shosti kaa, taarabu gani inaanza saa hizi?" Tulifika ukumbini saa saba usiku. Vijana wanakunja nyaya. Mwanamke mmoja anafagia makaratasi na maua ya plastiki mbele ya jukwaa, na mimi nimesimama na leso yangu ina elfu hamsini kamili, haijafunguliwa fundo.

Bili ya samaki nililipa mimi, kutoka kwenye hazina. Tuyaache.

Jumapili asubuhi nilienda kuoga, nikarudi nikakuta ujumbe: "Tumetangulia, kuna mtu kapata dharura, utapanda gari za Makumbusho." Dharura yenyewe niliiona kwenye status mchana. Ilikuwa ya aiskrimu, vikombe vitatu.

Sasa sikilizeni, nyinyi ambao nawajua mnafanana na mimi, mnaolipa kiingilio kabla ya kulipa king'amuzi. Kuna watu wanapenda muziki na kuna watu wanapenda kupigwa picha mahali penye muziki. Si wabaya. Lakini usipande nao gari moja. Mtu anayekuja kwa ajili ya muziki hana haja ya kushawishiwa, utamkuta tayari ameshafika, yuko nyuma ya jukwaa anaangalia moto. Mtu unayembembeleza kuja, huyo huyo ndiye atakayekubembeleza kuondoka. Na wewe utakubali, kwa sababu tumelelewa kwamba kukaa peke yako kwenye shughuli ni mkosi, watu watauliza umeachwa na nani. Waulize! Mimi nimeshaachwa, nawaambia hakuna kilichonipata. Tunaogopa macho ya watu ambao kesho hawatakumbuka hata tulivaa nini, tunawapa usiku wetu bure, halafu tunasema tamasha lilikuwa la kawaida. Tamasha gani ulilolihudhuria wewe? Ulihudhuria samaki.

Mambo mengine ni madogo. Beba pesa mkononi, za kutosha, maana watu wakishakuwa wengi mtandao wa simu unachoka na wakala anakwambia subiri. Ratiba iliyochapishwa usiiamini sana, amini moto: ukiona makuti yamewashwa nyuma ya jukwaa, usiende kununua soda. Nenda mchana, kwa sababu mchana ndio unaweza kuongea na wapigaji. Usiku wanakuwa mastaa. Beba kitenge cha pili, upepo wa pale usiku si wa mchezo. Na nenda peke yako. Najua nimeshasema.

Mwaka jana ndivyo nilivyofanya. Sikutangaza popote. Ijumaa niliomba ruhusa nusu siku, saa saba mchana nimeshakaa dirishani kwenye Coaster pale Makumbusho, Bunju, Mapinga, Kerege, saa tisa na ushee nipo mapokezi ya gesti ya Dunda, kitanda kimoja, feni, ndoo. Ufunguzi niliuona kuanzia hotuba, na hotuba zilikuwa ndefu, lakini nilikaa. Usiku ule nilikaa mkekani na mama mmoja wa hapo hapo mjini aliyekuja na wajukuu na bakuli la mihogo. Hakuniuliza nimeachwa na nani. Alinisogezea bakuli.

Yule babu wa ilimba sikumwona. Nilimuulizia, wakaniambia mwaka huu hakuja, miguu.

Jumamosi usiku nilikuwa mstari wa mbele saa moja na nusu, kabla hata hawajapanga viti vya wanamuziki. Fidla ikaanza kulialia yenyewe, wanajaribu nyuzi, na mwimbaji akatoka na gauni la kijani linaloburuza. Leso ilikuwa ile ile. Sikuwahi kuifungua tangu mwaka juzi, hata nilipoishiwa mwezi wa pili na kula chai kavu. Fundo lilikuwa limekaza hadi nikalifungua kwa meno. Nikasimama, nikaenda mbele kwa mwendo ule wa taarabu, bega moja mbele, na noti ya kwanza nikaiweka mkononi mwake kwenye ubeti wa pili. Akaniinamia bila kuacha kuimba. Kufika wimbo wa nne nilikuwa nimebakiwa na nauli.