Mwanangu, anza na giaboksi

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Hatujambo hapa Tanga, mvua tu ndiyo imetushika.

Umeuliza ung'oe injini ya 5A kwenye hiyo Corolla uweke 1JZ ya Mark II pamoja na gia zake za otomatiki, kwa ajili ya mbio za duara za vumbi huko Bagamoyo, maana Wamarekani umewaona wakikimbia na V8 na otomatiki. Mimi nasema hapana. 1JZ imelala kwa urefu na inasukuma magurudumu ya nyuma, Corolla yako inavuta mbele. Utakata gari zima, na ukimaliza pua itakuwa nzito hata kona isikate.

Hao Wamarekani nao, wengi wanafunga Chevrolet 350, lita 5.7, lakini mzunguko mzima wanakwenda na gia moja. Powerglide, giaboksi ya otomatiki wanayoipenda, ina gia mbili tu, na ya juu ni moja kwa moja, yaani injini na shafti ya kutokea zinazunguka sawa. Wenye magari ya daraja la juu wakitaka kubadili mwendo, hubadilisha jozi ya gia kwenye difu ya nyuma, yaani gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kwa hiyo hata wao uwiano wa gia ndio unaotangulia, injini inafuata.

Sasa hesabu yako. Umesema simu ilisoma kilomita 50 kwa saa kwenye kona na 80 mwisho wa mstari. Tairi 185/65 R14 ikizunguka mara moja inakwenda mita 1.87. Giaboksi za mkono za Corolla, za familia ya C5, uwiano wa gia ya pili ni 1.904, ila difu zinatofautiana: ipo ya 3.722 na ipo ya 4.312. Kwa 4.312, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika gari linakwenda 82, na ukitoka kwenye kona na 50 bado iko karibu 3,650, inavuta. Kwa 3.722 utafika 95 usizozihitaji, na kwenye kona injini itashuka hadi 3,150 hivi. Tafuta ya 4.312, ubaki gia ya pili mwanzo hadi mwisho.

Ukifika Gerezani, Dar es Salaam, kununua giaboksi, usiulize namba, muuzaji atakupa namba unayotaka kusikia. Ingiza gia ya pili, mwenzako ashike upande mmoja wa kutokea draivushafti usizunguke. Chora chaki kwenye shafti ya klachi, uizungushe mpaka upande wa pili umalize mizunguko miwili kamili. Shafti ikizunguka mara 8 na kidogo, ndiyo yenyewe. Ikiwa mara 7 na kidogo, irudishe. Usisahau ile miwili: ukihesabu mmoja utapata nusu na utadhani umeuziwa kitu cha ajabu.

Injini, chukua 7A, lita 1.8. Inakaa kwenye mauntingi zilezile za 5A na inapokea giaboksi hiyohiyo. Stroku yake ni milimita 85.5 dhidi ya 77 za 5A, ndiyo maana ina nguvu ya chini ambayo vumbi linaitaka. Ichukue na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, na wayaringi yake, kwa kuwa baadhi za Japani ni za kubana mafuta na hazielewani na kontroboksi nyingine. Hesabu bolti za flaiwili: kwenye injini hizi za A zipo za bolti 6 na za bolti 8, haziingiliani. Mkanda wa taimingi nao ni mrefu kuliko wa 4A, ndugu yake, kwa hiyo usipewe wa 4A.

Kabla ya kulipa pima kompresheni. Plagi zote nje, nozeli na koili zichomolewe, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, piga stata. Ikiwa nzima na ina moto husoma psi 191. Chini ya 142 iache, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Iliyo chini itie kijiko cha oili upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Gari lako ni otomatiki na giaboksi hii ni ya mkono, kwa hiyo zitahitajika pedali, masta na slevu ya klachi, kebo za gia, draivushafti na mauntingi ya giaboksi. Zile waya za swichi ya P na N, inayozuia stata kupiga gia ikiwa imeingia, ziunganishe, la sivyo stata haitapiga na utafungua injini bure. Difu usiichomelee, kwenye gari la kuvuta mbele usukani unakuwa mzito na draivushafti zinakatika.

Kinachoua injini za duara ni oili. Ukikata kushoto kila wakati, oili inakimbilia kulia na mdomo wa pampu unabaki mkavu. Fungua sampo, chomelea bati kuzunguka mdomo wa pampu, uache matundu chini. Ukizidisha oili juu ya alama, isipite nusu lita, vinginevyo krenki itaipiga iwe povu. Na usimkubalie fundi atakayetaka kutoa temostati. Injini isipopata moto, kontroboksi inaongeza petroli, na petroli inaosha oili kwenye silinda. Rejeta yako itaziba kwa vumbi, siyo kwa temostati: ioshe kutokea nyuma kila baada ya mbio.

Ukishapima giaboksi niandikie idadi ya mizunguko kabla hujatoa hela. Mama yako anakusalimu sana.

Baba'ko,
Barabara ya 12, Tanga