Tumelipia posti Facebook, mbona wafuasi wanaonekana wako Uholanzi?

SWALI: Niko Busia upande wa Uganda, namsaidia baba mdogo kampeni ya kaunsela LC5 (baraza la wilaya). Tumelipia posti Facebook tukachagua Uganda, waliofikiwa ni wachache sana, na kwenye peji wafuasi wengi wanaonekana Uholanzi, Marekani na Kenya. Hela inaenda wapi?

JIBU: Dada, wengi wa hao ni majirani zako hapohapo Busia. Facebook ilifungwa huku kwetu Januari 2021, siku chache kabla ya kura, baada ya kampuni yenyewe kufuta akaunti ilizosema zinahusiana na watu wa wizara ya ICT, na tangu hapo watu wanaingia kwa VPN. VPN inapitisha data yako kwenye seva ya nchi nyingine, sasa mama wa sokoni akiunganishwa na seva ya Amsterdam, Facebook inaona anwani ya Amsterdam. Wale wa Kenya wengine ni laini za Safaricom tu, si unajua mpakani netiweki ya ng'ambo inashika mpaka sebuleni.

Facebook inaangalia pia mji ulioandika kwenye profaili na GPS kama umeiruhusu, ndo maana kuna wachache bado wanahesabiwa Uganda. Tangazo lako linaenda kwa hao wachache. Na usije ukaongeza Uholanzi kwenye tangazo, utawalipia Waholanzi wenyewe ambao hawapigi kura Busia!

Mi ningehamishia nguvu WhatsApp, ila ujue inavyofanya kazi. Ile orodha ya brodikasti inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyesevu namba yako, kwa hiyo baba mdogo akienda msibani au kanisani asiishie kuchukua namba za watu, awaombe waisevu yake hapohapo. Hili watu wengi wa kampeni hawalijui, wanatuma wiki nzima halafu wanalalamika kimya. Kitu kingine, ujumbe ukishafowadiwa mara nyingi unawekewa mishale miwili na hauendi tena ila chati moja moja, kwa hiyo wape vijana wako faili lenyewe, kila mmoja alitume upya kwa watu wake. Sauti ya dakika moja kwa Kisamia na nyingine kwa Kiteso zinatosha, video zinakula MB na watu hawafungui. Akialikwa redio ya FM, rekodi kipande uisambaze, manake kijijini redio bado ndo inayosikika kuliko simu zote.

La mwisho na hili naomba ulichukulie kwa uzito sana: usipange kazi ya siku ya kura kwa intaneti. 2016 walifunga mitandao ya kijamii pamoja na mobile money siku yenyewe ya kura, 2021 intaneti yote ilizimwa usiku wa kuamkia kura ikarudi baada ya siku kama tano hivi, na hapo VPN haisaidii chochote. Maajenti wenu wa kulinda kura vituoni wapewe hela ya chakula na usafiri mapema, taslimu, kila mmoja awe na namba ya kupiga simu ya kawaida na kutuma SMS, na kituoni asitoke bila nakala ya karatasi ya fomu ya DR (ile ya kutangaza matokeo ya kituo) iliyosainiwa, picha ataipiga lakini karatasi aje nayo mkononi.