Usimwage klorini kwenye tanki la maji taka

Ndugu, umeuliza kama kumwaga klorini kila wiki kutaondoa harufu ya tanki lako. Acha kabisa. Uchafu mle ndani huozeshwa na bakteria. Ukiwaua, tope hujaa upesi na harufu huzidi. Mafuta ya kupikia nayo usiyamwage kwenye sinki, huganda na kuziba bomba. Ita gari la kunyonya maji taka kila baada ya miaka 3 hadi 5, mapema zaidi kama mko wengi nyumbani. Na nakusihi sana, mtu asishuke ndani ya tanki hata likishanyonywa: gesi yake huweza kuua kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa hufia humo humo. Mfuniko uwe mzito, watoto wasiweze kuufunua.