Kabla HR hajakuita ghorofa ya pili

Wiki iliyopita, kwa mama ntilie wetu hapa Njiro, nilimsikia mdogo wangu mmoja wa kitengo cha programu akisema, mdomo umejaa ndizi nyama: "Dada, mimi hawanigusi. Seva nzima naijua mimi tu." Mwenzake alikuwa anazungusha simu mezani, tuone Subaru anayotaka kuichukua kwa mkopo wa mshahara. Na huku stendapu, kile kikao kifupi cha kila asubuhi, imeahirishwa mara tatu, kikao cha bajeti kinafanyika mlango umefungwa, na chai ya ofisi imekuwa ya rangi. Jamani! Maziwa yakiadimika ofisini Arusha, kwenye ng'ombe kila upande, ujue kuna jambo: watu wanakaribia kupunguzwa kazi. Kabla hamjaitwa, sikieni haya niliyojifunza.

1. Seva haina shukrani. Mimi nilikuwa najua peke yangu moduli ya malipo. Niliondoka Ijumaa, Jumatatu malipo yakaingia kama kawaida.

2. Usisaini kitu siku hiyohiyo. Hapa nipeni nafasi.

Mwaka 2020 nilikuwa kwenye kampuni iliyotengeneza mfumo wa kuweka nafasi za safari. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimama, mbuga zikabaki na wanyama wenyewe. Kila mtu aliona kinachokuja. Mimi wiki tatu kabla nilikuwa nimekopa kununua kiwanja Kisongo, maana dalali alisema bei inapanda.

Nikaitwa juu. HR, yaani ofisa rasilimali watu, dada mpole kweli, tishu ameshaziweka mezani. Akaniambia niandike tu barua ya kujiuzulu, wasifu wangu usije ukachafuka, na kwamba notisi wamenisamehe. Nikaandika mistari minne. Nikaweka na "kwa hiari yangu" bila kuombwa, nikaona inapendeza. Kisha nikamshukuru, nikamwombea baraka, nikapanda kifodi nikijiona nimeponea chupuchupu.

Binamu yangu ndiye aliyeniuliza: umepunguzwa au umejiuzulu? Maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayepunguzwa apewe taarifa na kushirikishwa kwenye mazungumzo kwanza. Wa mshahara wa mwezi ana notisi ya siku 28, na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Nilikuwa na miaka minne. Siku 28 za notisi juu ya siku 28 za kiinua mgongo, nimezitoa sadaka kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ile notisi niliyosamehewa, kumbe mimi ndiye niliyekuwa naidai!

Hata hapo sikuamka. Kila asubuhi nilivaa, nikamuaga mama kama naenda kazini, nikashinda karibu na Mnara wa Saa na laptopu isiyo na kazi. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zile siku 30 za kupeleka mgogoro zilikuwa zimepita. Ofisa akaisoma barua yangu kwa sauti. Alipofika "kwa hiari yangu" akaniangalia juu ya miwani, hakusema kitu. Nikachukua mkoba wangu.

Kwa hiyo ukipewa karatasi, sema unakwenda kuisoma nyumbani. Hakuna atakayekufunga.

3. Pakua hati zako zote za mshahara leo, barua pepe ya ofisi ikiwa bado inafunguka.

4. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iangalie mwenyewe, kukatwa siyo kupelekwa.

5. Toa vitu vyako kwenye laptopu ya kampuni, msimbo wa programu zao waachie. Mwenzangu mmoja alinyang'anywa mashine ikiwa na video ya kipaimara cha mwanawe, nakala pekee. Alibembeleza watu wa TEHAMA mpaka akawapelekea mbege kutoka Moshi. Wakanywa, wakamwambia diski imeshafutwa.

6. Mikopo, hapana. Kile kiwanja nilimaliza kukilipia 2023. Nimepanda mahindi, wanaofaidi ni ng'ombe wa jirani.

Wewe wa Subaru, jana nimekuona kwenye ngazi ukiongea na dalali kwa sauti ya chini. Kesho mchana mtori ni juu yangu. Njoo na mkataba wako wa kazi, wote, na ule ukurasa wa mwisho ambao najua hujawahi kuufungua.